Kiti cha Mlangoni

Jumatatu, 2 Septemba

Muhula umeanza leo na mvua haikukubali kuachwa nyuma. Nimefika shuleni viatu vimejaa tope. Mlinzi wa geti akanipa kitambaa nijifute huku akinicheka kwa adabu: "Mwalimu, hapa tope haliingii." Kweli haliingii. Sakafu zinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno.

Nimepewa darasa la mtihani. Tangu tuhamie hapa mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nafundisha hisabati madarasa ya chini, na leo Mkuu wa shule amenikabidhi darasa hilo mbele ya wenzangu. Mkuu ni mama mwenye sauti ndogo, sijapata kuisikia ikipanda hata siku moja. Akanieleza utaratibu. Kila Ijumaa jaribio. Kila Jumatatu watoto hukaa kwa maksi, kila mmoja akihama na kiti chake: wa kwanza mbele dirishani, kisha safu kwa safu kurudi nyuma, na wa mwisho hukaa pembeni mwa mlango.

Nimeupenda utaratibu huu. Shule ya serikali nilikotoka, wa kwanza na wa mwisho walibanana dawati moja na wote wawili wakasinzia. Hapa mtu anavuna alichopanda, basi.

Binti yangu yumo darasani humohumo, bila ada, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hapa. Ndilo lililonileta, sioni haya kuliandika. Akimaliza hapa anavuka moja kwa moja kuingia sekondari ya shule hii, ile yenye maabara na maktaba, bila kugombea nafasi na mtu. Namwita Kibibi kwa sababu tangu mdogo ana maneno ya kizee. Jioni nimemuuliza wenzake wanafananaje. Akasema, "Hawaangalii ubao, mama. Wanaangalia mlango."

Nikamwambia aache mambo yake, apige pasi sare.

Ijumaa, 6 Septemba

Jaribio la kwanza. Mvua kutwa nzima. Nimesahihisha mpaka macho yanawasha.

Jumatatu, 9 Septemba

Wamekaa kwa maksi. Kibibi yuko katikati barabara, pamoja na rafiki yake, msichana mmoja msemaji wanayemwita Chiriku. Chiriku amekuja kwa nafasi ya ufadhili; mama yake ni mshonaji, ndiye anayeshona sare za shule. Mlangoni amekaa kijana mnene wa rika lao, Bonge, ambaye ukimuuliza saba mara nane anakutazama kama umemtukana mama yake.

Kuna kimoja kimenichekesha. Kijana wa mkandarasi, huyo anayetujengea ukumbi mpya, alipata maksi chini ya Bonge, lakini amekaa mbele kabisa. Nikauliza. Nikaambiwa ana matatizo ya macho, haoni mbali. Hana miwani. Wenzake wamempa jina la Miwani, na yeye mwenyewe anacheka. Watoto hawana dogo.

Jumatatu, 16 Septemba

Bonge hayupo tena.

Mkuu aliniita Ijumaa mchana, akanimiminia chai kwa mkono wake. Akasema wazazi wa Bonge wameshauriwa wampeleke shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, afanyie mtihani huko, kwa mwendo wake. "Hatumfukuzi mtoto, mwalimu. Tunamshauri." Majina ya watahiniwa yanapelekwa mwishoni mwa Oktoba, na bango la getini linasema asilimia mia moja wamefaulu. Limesema hivyo miaka yote, na haliwezi kuanza kusema lingine mwaka huu.

Kuna kazi moja ya mwalimu wa darasa ambayo sikuwa nimeambiwa. Asubuhi ya Jumatatu, kabla watoto hawajaingia, yeye na fundi seremala wa shule wanatoa kiti cha aliyeondoka, wanakipeleka stoo, kisha wanasogeza vingine nyuma kujaza pengo, ili asiaibike mtu. "Mtu mwenyewe hayupo, ataaibika nani?" Fundi akauliza. Nikacheka. Miguu ya kiti ilipiga kelele kwenye saruji mpaka nikasikia meno yananiuma.

Nilipoita majina, nilipofika mahali pa Bonge nikaruka. Hakuna aliyeuliza. Nadhani ni vizuri kwake, kule atapata wa kiwango chake.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatatu, 23 Septemba

Kingine kimetoka. Safari hii ni cha msichana aliyekuwa akiumwaumwa. "Stoo inajaa, mwalimu," Fundi akasema, akafuta mikono kwenye suruali.

Kibibi amekaa safu ya nyuma ya ile ya juma lililopita. Nikamuuliza nyumbani, mbona umeshuka? Akaniletea karatasi zote, za mwanzo na za sasa. Maksi ni zilezile. "Sijashuka, mama. Wa nyuma yangu ndio wamepungua." Akaongeza kwamba ukikata mkia, kinachobaki nyuma ndicho mkia. Nikamwambia hiyo si hisabati. Usiku kucha mvua imepiga bati na mimi nimebaki nikifikiri kwamba ndiyo, ni hisabati.

Ijumaa, 27 Septemba

Mama Chiriku amenijia baada ya vipindi, na sare tatu mpya mkononi za kupeleka ofisini. Ameitwa na Mkuu. Chiriku alikuwa na malaria siku ya jaribio lililopita, akaandika nusu ya karatasi, na maksi ikamtupa mlangoni. Aliomba niseme neno. Alisema binti yake ameshinda nafasi ile kwa mtihani, si kwa huruma, na kwamba juma moja la homa lisifute miaka.

Ningeweza kusema neno. Chiriku ni mtoto hodari, najua. Lakini nilijisikia niko upande wa sheria, na ukiwa upande wa sheria mdomo unakuwa mwepesi. Nikamwambia utaratibu ni wa wote. Nikamwambia, "Hatumfukuzi, mama. Tunamshauri."

Hakupandisha sauti. "Mwalimu, ushauri mtu anaweza kuukataa. Huu mimi naweza kuukataa?"

Akauliza tena, vipi yule wa mbele asiye na miwani? Nikamjibu habari ya macho. Akanitakia jioni njema, akapeleka sare ofisini. Kazi ni kazi.

Jumatatu, 30 Septemba

Kiti cha Chiriku kimetoka bila sauti. Mama yake alikuwa amekifunga vitambaa miguuni, mabaki ya kitambaa cha sare, kisikwaruze sakafu. Cha Kibibi nacho kimefungwa vivyo hivyo, maana wawili hawa walikuwa wakifanya kila kitu pamoja. Fundi alikibeba kwa mkono mmoja. Tulitembea kwenye korido kama watu wanaoiba.

Kibibi hajala chakula cha jioni. Hakulia, afadhali angelia. Aliniuliza tu kama mimi ndiye ninayevitoa viti. Nikasema ni Fundi. Akaitikia, "Haya, mama."

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua imekatika saa mbili, ikarudi.

Jumanne, 8 Oktoba

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jana kimetoka kingine, na leo nimeketi na Kibibi, tumefanya hesabu mpaka ameshika kichwa. Bado ana maksi zilezile. Mtoto wa kawaida, mwenye akili timamu, ambaye mahali pengine popote asingemshtua mtu. Sasa yuko safu ya mwisho kasoro moja. Karibu naye amekaa binti wa mlinzi wa geti, msichana asiyesema lolote mpaka umwite jina, ndiyo maana wanamwita Kimya. Shule inamsomesha bure kwa kuwa baba yake ni mfanyakazi, kama mimi.

Mlinzi anajivunia huyo mtoto kupita kiasi. Kila asubuhi nikipita getini lazima aniulize, Kimya anaendeleaje, na kila asubuhi namjibu vizuri tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Mkuu mwenyewe, sikuitwa. Nilichukua karatasi ya Miwani. Ukurasa wa pili ulikuwa mweupe kabisa, isipokuwa picha ya gari. Nikaiweka mezani. Nikasema kama ni utaratibu, uwe utaratibu. Nilijiona jasiri.

Mkuu aliitazama ile picha, akasema gari limechorwa vizuri. Kisha akanieleza bila haraka, kama unavyomweleza mtoto, kwamba baba yake anajenga ukumbi, na kwamba watoto wote watakaa humo, wenye nacho na wasio nacho. Miwani amewekewa walimu watatu nyumbani, siku ya mtihani atakuwa sawa. Usawa si kitu kimoja, akasema.

Akanimiminia chai. "Na wewe si una mtoto wa nafasi hapa, mwalimu? Au nimesahau?"

Nikanywa chai yake yote.

Yule mama nilimdhania mpole, na ni kweli ni mpole. Huo upole wake ndio unaonitia hofu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kingine. Fundi hasemi tena habari ya stoo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mtihani wa majaribio ulikuwa jana, ndio wa mwisho kabla ya majina kupelekwa. Nimesahihisha leo kutwa.

Karatasi ya Kibibi nimeikuta katikati ya rundo. Majibu kadhaa ni sahihi lakini ameruka njia, kaandika jibu bila kuonyesha alivyolipata. Wengine wakifanya hivyo mimi huwapa nusu ya maksi. Kwake nimesita. Chumba cha walimu kina midomo. Mtoto wa mwalimu akipata nusu, watu wanaona amepewa nzima. Sitaki mtu aseme nampendelea mwanangu. Nimempa sifuri kila aliporuka njia. Nilipomaliza nilijisikia safi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kibibi amekaa mlangoni.

Nilisimama ubaoni na chaki mkononi nikimwangalia mwanangu akivuta kile kiti chenye vitambaa, bila sauti, akakiweka pembeni mwa mlango, akakaa, akafungua daftari. Mvua ilikuwa ikimrushia matone kwa mlangoni. Kiti cha mbele yake ni cha Kimya. Nimefundisha sehemu za pembetatu. Sikumbuki nilisema nini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huu msemo nimewafundisha watoto wa watu tangu nianze kazi, na sikuwahi kuuogopa.

Jumatano, 23 Oktoba

Mkuu ameniita. Hakukuwa na chai.

Alisema amesikitika. Alisema mwalimu mzuri kama mimi hapaswi kuvurugikiwa nyumbani karibu na mtihani. Anahitaji kumshauri mmoja tu juma hili, kisha hesabu yake imekamilika, hatamgusa mwingine. Kisha akasogeza karatasi ya Kibibi mbele yangu. Amezipitia mwenyewe. "Hapa hukumpa nusu. Kwa nini? Mwalimu naye ni binadamu, hukosea. Irudie."

Na ni kweli nilikosea. Hilo ndilo linaloniua. Zile nusu ni haki ya Kibibi, nilimnyang'anya kwa kuogopa midomo. Kuzirudisha si dhuluma. Lakini zikirudi, Kibibi anampita Kimya, na Kimya anakuwa wa mlangoni. Mkuu anajua. Hakulitaja jina la Kimya, wala mimi sikulitaja. Tulikaa pale tukizungumza habari ya nusu kana kwamba hakuna mtu upande wa pili wa nusu hizo.

Nilimwomba muda. Akasema kesho.

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua nikiwa na mwavuli mkononi, sikuufungua. Nimejaribu kufikiri kama mtu mzima. Nimesema, mlinzi ana watu wa kumsemea mwanawe, Kibibi wangu hana mtu ila mimi. Uongo, mlinzi hana mtu. Nimesema, shule ya ng'ambo ya barabara si mwisho wa dunia. Sasa kama si mwisho wa dunia, mbona simpeleki wangu? Nimewahi kufundisha shule ya namna hiyo, watoto wanakaa madirishani. Najua kinachotoka humo na kinachobakia humo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeirudia karatasi ya Kibibi. Kila aliporuka njia nimempa nusu.

Karatasi ya Kimya ilikuwa chini yake. Naye huruka njia, namjua. Siku ya kusahihisha nilikuwa na hasira na watoto wanaoruka njia, na sina hakika wote waliokuja baada ya Kibibi niliwapa nusu zao. Ningefungua ningeona. Sikuifungua. Niliifunika, nikapeleka ofisini.

Wakati wa kula nimemwambia Kibibi atabaki, atamaliza hapa, atavuka sekondari. Nilitegemea atafurahi. Akauliza, "Na nani atakaa mlangoni?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi mlinzi alinifungulia geti kwa furaha. Ameitwa ofisini baada ya kazi. Alidhani ni habari ya cheo, maana mlinzi mkuu anastaafu. Akaniuliza kama nadhani avae koti. Nikasema avae.

Akauliza Kimya anaendeleaje. Nikasema vizuri.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Kibibi ameshinda kwenye kiti cha jikoni akifumua mshono wa mkoba wake na kuushona tena. Mara mbili alianza kuniambia jambo akaacha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kibibi aliondoka nyumbani kabla yangu. Alisema ni zamu yake kufagia darasa. Nilimwamini.

Getini mlinzi alinifungulia, akatazama barabara. Hakunisalimia. Koti alikuwa nalo, lile zuri. Nilisema habari za asubuhi, nikapita bila kungoja jibu.

Darasani nilimkuta Fundi amesimama katikati ya viti, mikono kiunoni. Nyuma palikuwa na mapengo mawili.

"Umeshavitoa?" nikamuuliza.

"Nimetoa cha binti wa mlinzi tu, mwalimu, bado kiko hapo nje. Hiki kingine nimekuta hakipo."

Sijui nilifikaje stoo. Mlango ulikuwa umesindikwa. Ndani viti vimepangwa hadi dirishani, harufu ya mbao zilizolowa, na kwenye kona kilikuwapo kiti cha Chiriku chenye vitambaa miguuni, na ubavuni mwake kiti cha Kibibi. Yeye mwenyewe alikuwa amekikalia, mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja kama mgeni.

Akasimama nilipoingia. "Nimeona kama wanataka mmoja, basi mmoja apatikane," akasema. "Kimya arudi, mama. Mimi nitakwenda kwa Chiriku."

Nilimshika mkono, tukaenda ofisini wote wawili huku nikijisemea kwamba mtoto ameliokoa jambo ambalo mimi nililiharibu. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilimwambia Mkuu kwamba Kibibi anaondoka kwa hiari yake, mimi mzazi nimekubali, na kwamba kwa hiyo Kimya abaki. Nilimweleza pia kuhusu karatasi ambayo sikuifungua. Nilisema yote, mwanangu akinisikia.

Mkuu alitusikiliza mpaka mwisho. Akamshika Kibibi shavu, akamsifu kwamba ana moyo mzuri. Kisha akaniambia baba yake Kimya ameshakubali ushauri tangu Ijumaa, na mambo yaliyokwisha hayarudishwi nyuma kwa sababu ya watoto kuoneana huruma.

"Nilikuwa nahitaji mmoja," akasema. "Mungu ameleta wawili. Wastani wetu mwaka huu utakuwa mzuri sana, mwalimu."

Nilimvusha Kibibi barabara mwenyewe. Kwenye geti baba yake Kimya alitufungulia. Alipomwona mwanangu na mkoba wake alielewa, nadhani, maana alimpa Kibibi mwavuli wake. Mimi hakunitazama. Ng'ambo Chiriku alikuwa dirishani, amekaa juu ya kizingiti na wenzake wawili. Alipomwona Kibibi akasogea kumpa nafasi.

Nimemwambia Kibibi kwamba muhula huu ukiisha sitakuwa tena mwalimu wa shule ile. Akaniuliza kwa nini nisiache leo. Nikasema kuna watoto wa mtihani, siwezi kuwaacha katikati. Akasema, "Haya, mama," vilevile kama alivyosema siku ya Chiriku.

Nilirudi darasani nimelowa. Viti vilikuwa vimekwisha kusogezwa, mapengo hayaonekani. Miwani yuko mbele, anachora. Mlangoni alikuwa kijana ambaye mwanzoni mwa muhula alikaa safu ya mbele ya Kibibi na nilikuwa namtania kwamba atakuwa daktari wangu uzeeni. Alikuwa ameinama chini ya kiti chake. Nilidhani ameangusha kalamu. Nilipokaribia nikaona ana vipande vya kitambaa, sijui kavitoa wapi, anavifunga kwenye miguu ya kiti, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu.

Nilimwambia aache, afungue daftari. Akasema anamalizia huu wa mwisho.